Msanifu au injinia? Fundi wa Tanga anauliza kuhusu binti yake

Dada injinia, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa basi nirudishie, sitanuna.

Ni fundi mwashi hapa Tanga, Ngamiani, huu mwaka wa 27. Nilianza kwa kubeba karai, leo nina vijana wanane na nimeshajenga mpaka ghorofa tatu. Shule niliishia darasa la saba. Nayasema haya ujue kwamba ramani naisoma na nondo naijua unene wake kwa kuipapasa tu gizani, ila habari za vyuo vikuu kwangu ni pori.

Nina binti, wa pili kuzaliwa. Amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na amepata daraja la kwanza. Mtoto huyu amekulia saiti. Akiwa shule ya msingi alikuwa akinishikia uzi na timazi wakati wa likizo. Alipofika sekondari akaanza kunikosoa: “Baba, hii ngazi watu watajigonga kichwa.” Nikapima, kweli. Halafu Novemba 2024, yeye yuko kidato cha tano, lile jengo la Kariakoo likaanguka na watu wakafa. Aliporudi likizo hakuwa na mazungumzo mengine. Nani alichora, nani alihesabu, nani alikagua. Tangu hapo anasema anataka kusomea uhandisi wa usanifu majengo. Ndivyo ulivyotafsiriwa kwangu, kwa Kiingereza siwezi kuutamka.

Hapa nyumbani kila mtu ana lake. Mama yake anasema saiti si mahali pa mtoto wa kike, asome uhasibu. Jirani yetu mwalimu anasema kozi hiyo hajaiona kwenye kitabu cha vyuo vyetu, asome uhandisi ujenzi wa kawaida. Shemeji yangu, mjomba wa mtoto, yuko Muscat mwaka wa 15 sasa. Anasema huko kuna chuo chenye kozi hiyo hiyo kwa jina hilo hilo, na ada atalipa yeye, mtoto aende hata kesho. Zege halilali, anasema.

Mimi naogopa. Mtaa wa pili kuna kijana alisomea nje, akarudi na cheti kikubwa chenye nembo ya dhahabu. Miaka miwili akazunguka nacho. Huku anaambiwa hili si letu, nenda kule. Kule anaambiwa hili si letu, rudi huku. Sasa hivi anauza vioo vya simu, na si kwamba namcheka.

Kuna na jingine. Mwaka juzi nilikuwa na kazi ya ghorofa mbili. Ramani ya msanifu inaonyesha uwazi mkubwa katikati kwa ajili ya ngazi. Ramani ya injinia inapitisha bimu katikati ya uwazi huo huo, usawa wa paji la uso. Nampigia msanifu, ananiambia muulize injinia. Injinia ananiambia muulize msanifu. Mirunda imeshasimama, mashine ya zege nimeshaikodi, mwenye nyumba anafoka. Siku nne vijana wamekaa wanakula hela yangu. Sasa huyu mtoto anataka kuwa yupi kati ya hao wawili waliokuwa wananirushia mpira?

Naomba uniambie: kozi hii ni ya msanifu au ya injinia? Aende Muscat au abaki? Kazi zake ni zipi? Mama yake anauliza kama mafundi watamsikiliza. Na la mwisho dogo: wameshaanza kuniambia ninunue kompyuta, na bei waliyonitajia ni ya mabati ya nyumba nzima. Ni lazima?

Baba wa binti, Ngamiani, Tanga


JIBU

Fundi, marahaba nimeiogopa. Ulishakuwa unamwaga zege mimi bado nacheza rede, kwa hiyo shikamoo yako naileta kwako ilikotoka.

Nianze na zile siku nne, maana jibu lako kubwa limo mle. Unaniuliza binti atakuwa yupi kati ya wale wawili. Kozi anayoitaka, kwa Kiingereza “architectural engineering”, ilianzishwa kwa sababu ya kile kilichokosekana katikati yao. Msanifu aliwaza watu watakavyopanda na mwanga utakavyoshuka. Injinia aliwaza mzigo utasafiri vipi mpaka kwenye msingi. Hakuna aliyeziweka ramani mbili juu ya meza moja. Na hapo walikuwa wawili tu. Kwenye hoteli au hospitali wanaongezeka wa umeme, wa maji safi na maji taka, wa viyoyozi, wa lifti, wa zimamoto, na kila mmoja ana karatasi zake. Nina hakika umeshamwona fundi bomba akitindua bimu uliyoimwaga juzi ili apitishe paipu ya choo. Yeye hana kosa. Kosa lilifanyika ofisini miezi sita kabla hajafika.

Mhandisi wa usanifu majengo, kwa maana ya Marekani ambako kozi hii ilianza kufundishwa vyuoni tangu mwishoni mwa karne ya 19, ni injinia anayesomea jengo tu. Habari ya barabara, daraja na bwawa anawaachia wenzake wa ujenzi. Anasoma nguvu za miundo: zege, chuma, mbao, msingi. Anasoma joto na hewa vinavyotembea ndani ya chumba, mwanga, sauti, umeme, mabomba, na jengo likishika moto watu watatokaje. Studio ya kuchora anaipitia, lakini ili aelewe lugha ya msanifu. Hatoki pale akiwa msanifu.

Usione hili ni jambo la Wazungu peke yao. Siku ukienda Pangani, simama Tongoni uyaangalie yale magofu kwa jicho la fundi. Nyumba za mawe za mwambao huu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkandaa, ule mti wa mikoko, haivuki mbali zaidi ya hapo ikiwa imebeba dari la mawe na chokaa. Aliyepanga chumba na aliyejua boriti itabeba nini alikuwa mtu mmoja. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe unabeba, na mchana unazuia joto. Sisi tulikuja kuyatenganisha baadaye.

Mfano wa karibu zaidi ni soko kuu la Kariakoo, lile la zege lililofunguliwa 1975. Lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa. Paa lake ni kama miavuli iliyogeuzwa chini juu. Mwavuli unatoa kivuli, hewa ya moto inapata pa kutokea, na mvua ikinyesha maji yanakusanyika katikati na kushuka mpaka kwenye matangi. Umbo, muundo, hewa na maji, vyote kwa kitu kimoja. Hicho ndicho binti yako anachokitaka hata kama hajapata maneno ya kukisema. Soko hilo hilo liliungua Julai 2021, na hapo ndipo ujue kwa nini moto nao ni somo zima kwenye kozi hii.

Sasa tuje kwenye hofu yako, ambayo ni ya kweli.

Nenda saiti yoyote kubwa hapo Tanga ukasimame mbele ya bango la mradi. Utaona mwenye mradi, msanifu, mkadiriaji majenzi, mhandisi wa miundo, mhandisi wa huduma za jengo, mkandarasi. Kila mmoja ana mstari wake. Mstari wa mhandisi wa usanifu majengo haupo. Kwa hiyo swali la kumuuliza binti usiku huu, kabla hata ya Muscat, ni hili: jina lako litakaa mstari upi? Mtaani kwenu kuna kijana aliyerudi na cheti ambacho hakuna mstari uliokuwa unakisubiri, na inaelekea hakuna aliyemuuliza swali hili mapema.

Mistari hiyo inalindwa na sheria. Wahandisi wana bodi yao, ERB. Wasanifu na wakadiriaji wana AQRB. Makandarasi wana CRB. Sheria zilizoziweka ni za mwaka 1997, namba 15, 16 na 17, zimepangana kama tofali za kozi moja, ingawa ile ya wasanifu iliandikwa upya mwaka 2010. Huwezi kupiga muhuri wa mhandisi kwa shahada ya msanifu wala kinyume chake, hata uwe na kipaji cha namna gani. Na shahada peke yake haitoshi. Mhitimu wa uhandisi anafanya kazi chini ya wakubwa kwanza. Mpango wa ERB wa kuwanoa wahitimu, SEAP, ni wa miaka 3. Kwa wasanifu nako kuna kipindi cha kufanya kazi chini ya aliyesajiliwa, na mitihani. Hesabu miaka yako ukiwa na hilo kichwani, usije ukaanza kumdai matunda siku ya mahafali.

Kozi yenye jina hilo huko Uarabuni ina mtego wa lugha, na nitaueleza taratibu kwa sababu shemeji yako hawezi kuuona kutoka alipo.

Neno letu mhandisi tumelichukua kwa Waarabu: muhandis. Kwao usanifu mara nyingi unafundishwa ndani ya kitivo cha uhandisi, na anayehitimu anaitwa muhandis mi'mari. Ukimtafsiri neno kwa neno ni mhandisi wa usanifu. Lakini kazi yake, ukimleta hapa Tanga, ni msanifu majengo. Amekaa studio miaka yote akichora, na hesabu za bimu amezipitia juu juu. Kwa hiyo jina moja la kozi, likiandikwa kwa Kiingereza, Marekani linakupa injinia, na Cairo au Ghuba linaweza kukupa msanifu. Linaweza, maana si lazima. Pale Oman, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kimeweka ujenzi na usanifu katika idara moja ndani ya chuo cha uhandisi. Vyuo vingine vina mpangilio wao. Jina kwenye tangazo la chuo halikuambii kitu.

Kinachokuambia ni orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne. Mwambie shemeji aitume, na si kile kijitabu chenye picha za wanafunzi wanacheka. Binti aisome kwa kalamu. Akiona saa nyingi za wiki ni studio ya ubunifu, historia ya usanifu, mipango miji, basi anakwenda kuwa msanifu. Akiona nadharia ya miundo, zege lenye nondo, udongo na misingi, mwendo wa joto, mifumo ya viyoyozi, taa na sauti, basi anakwenda kuwa injinia. Akiona kidogo cha hiki na kidogo cha kile, bila kimoja kufika mwisho, aogope. Hiyo ndiyo shahada inayouza vioo vya simu.

Orodha hiyo hiyo ichukue uifanyie kazi tatu. Angalia kwanza kama TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanakitambua chuo, kwa sababu shahada ya nje itapita kwao ili itambuliwe nchini. Halafu andika barua ERB, na nyingine AQRB, ambatanisha masomo, uliza: mhitimu wa kozi hii mtamsajili? Barua, fundi. Usipige simu. Wewe unajua tofauti ya mwenye nyumba aliyesema kwa mdomo na yule aliyesaini. Jibu likirudi la ndiyo kutoka bodi moja, na bodi hiyo ndiyo yenye mstari anaoutaka binti, mpeleke Muscat kwa moyo mweupe na mshukuru mjomba. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, au lisirudi, usimpeleke.

Ukiniuliza mimi, ningembakiza nyumbani kwa shahada ya kwanza. Najua hili halitamfurahisha shemeji. Sababu yangu haihusiani na ubora wa vyuo vya Oman. Anayesomea hapa, akiwa mwaka wa pili tu, anakwenda mafunzo ya vitendo kwenye saiti za hapa, kwa mafundi kama wewe, udongo wa hapa, na kokoto hizi hizi tunazozijua ni chafu. Anawajua watakaomsaini miaka mitatu ya kunolewa. Bodi hazimuulizi maswali. Na kwa daraja la kwanza la PCM anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao kwa kawaida ni wa vyuo vya ndani. Jirani yenu mwalimu yuko sahihi kwamba jina lile si la kawaida kwetu. Hapa kazi imegawanywa: uhandisi ujenzi ni miaka 4, usanifu pale Chuo Kikuu Ardhi ni miaka 5. Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), wana zote mbili, na mtoto mwenye roho mbili kama huyu angefaidi kuona wenzake wa upande wa pili kila siku kwenye korido moja.

Halafu pesa ya mjomba iwekwe akiba kwa shahada ya pili. Huko ndiko uhandisi wa majengo ungekuwa na maana kubwa kwake: tayari ana muhuri unaotambulika, kwa hiyo jina la shahada ya pili halitamtoa kwenye mstari. Aende Muscat, Uturuki, Uingereza, popote, akasomee hewa, nishati, moto, au majengo marefu. Mjomba hatakuwa amepoteza. Atakuwa amelipia ghorofa ya juu badala ya msingi, na msingi tutaumwaga sisi.

Ila kati ya uhandisi na usanifu sikuchagulii. Dalili ulizonipa zinagongana. Aliyekuambia watu watajigonga kichwa kwenye ngazi, huyo ana jicho la msanifu, anaona mwili wa mtu ukipita kwenye jengo kabla jengo halijakuwepo. Aliyelia juu ya lile jengo la Kariakoo lililoanguka na kuuliza nani alihesabu, huyo ni injinia. Muulize jambo moja la kijinga: usiku akilala, anaota jengo limependeza au anaota limesimama? Mimi nilikuwa naota limesimama. Nikachagua miundo, na hata leo kuna msanifu mmoja ninayefanya naye kazi ambaye nikimwona anachora nguzo nyembamba moyo unanienda mbio.

Kazi zipo za aina nyingi kuliko watu wanavyodhani, na si zote zina kofia ngumu. Anaweza kukaa kwenye ofisi ya washauri akihesabu miundo. Anaweza kwenda serikalini: Wakala wa Majengo, TBA, ndio wanaobuni na kusimamia majengo mengi ya serikali, Shirika la Nyumba liko tangu 1962, kila halmashauri inamhitaji mtu wa kukagua ramani kabla kibali hakijatoka. Anaweza kuwa mkandarasi mwenyewe siku moja, akakuajiri wewe kwa mkataba, jambo ambalo najua umeshaliwaza. Ukimwona mtoto ana subira, kuna kazi mpya ya kuunganisha ramani zote kwenye kompyuta, jengo zima likiwa modeli moja, ili ile bimu yako ionekane inapita usoni mwa mtu kabla nondo haijakatwa. Mtu wa kazi hiyo angekuokolea siku nne na hela ya vijana wanane.

Lakini ningekuwa na umri wake ningeangalia huduma za jengo. Miundo ina ushindani. Waliobobea kwenye viyoyozi, taa, mabomba na zimamoto za majengo makubwa, hasa mahoteli ya Zanzibar na mahospitali, tunawatafuta na hatuwapati kirahisi. Na hali ya hewa yetu inazidi kuwapa kazi. Dar es Salaam imejaa majengo ya vioo yaliyonakiliwa kutoka nchi za baridi. Kioo kinapigwa jua la magharibi kutwa nzima, ndani watu wanakimbizana na kiyoyozi, mwisho wa mwezi bili ya umeme inakuja kama adhabu. Injinia anayejua joto angeanza na jambo la bure: jengo lilale mashariki-magharibi, uso mrefu utazame kaskazini na kusini, madirisha yapewe kofia. Bibi zetu waliojenga baraza walilijua hilo bila programu.

Na asifikiri cheti kinamfunga hapa. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Tanzania, Kenya na Uganda zilitiliana saini ya kutambuana, kwa hiyo akishasajiliwa kama mhandisi mtaalamu, Nairobi si ugenini kabisa. Kama kuna wazee hapo Ngamiani waliokwenda Hija wakashukia Jeddah, waulize kuhusu yale mahema meupe makubwa ya uwanja wa ndege wa mahujaji. Kazi hiyo, ya mwaka 1981, ina mkono wa Fazlur Khan, mhandisi wa miundo aliyezaliwa Dhaka, akasomea Illinois, akafanya kazi Chicago kwenye ofisi moja na wasanifu. Ndiye aliyepata namna ya kusimamisha lile jengo la Sears la huko Chicago, la ghorofa 110, mwaka 1974, akiwa bega kwa bega na msanifu Bruce Graham. Wawili hao hawakurushiana mpira, walikaa meza moja.

Kwa mama yake nina maneno machache na nitayasema kwa heshima, maana hofu yake si ya kubuni. Siku yangu ya kwanza saiti fundi mmoja aliniambia mdogo wangu, mama lishe anapikia kule nyuma. Nilikuwa nimeshika ramani. Wiki ile sikulala vizuri. Aliyenisaidia alikuwa mzee mmoja wa nondo, aliyeniita pembeni akaniambia nijifunze kufunga ringi, zile nondo nyembamba zinazozifunga nondo kubwa za nguzo. Nikakaa naye chini siku mbili, vidole vikachubuka, nikafunga ringi za nguzo nane. Siku ya tatu niliposema ringi zimeachana mno karibu na maungio, hakuna aliyebisha. Binti yenu amekuja na hilo kutoka nyumbani. Ameshika timazi kabla hajashika kalkuleta. Mafundi watamjaribu, ndiyo, na wataishiwa mapema kuliko walivyoishiwa kwangu. Mambo mengine ambayo si ya kazi, ya mikono na maneno machafu, yapo pia, sitamdanganya mama. Afundishwe kusema kwa sauti siku ya kwanza, na asiende saiti ya mbali peke yake jioni. Lakini hata ofisi za wahasibu zina hayo.

Matokeo yameshatoka na dirisha la maombi ya vyuo halikai wazi kwa muda mrefu, kwa hiyo aombe hapa sasa hivi, huku barua za bodi zikisubiriwa. Kuomba hakumzuii kwenda Muscat. Kukosa kuomba kutamkalisha mwaka.

Sasa kompyuta. Usinunue. Anayekuuzia kwa bei ya mabati anakuuzia mashine ya mtu wa mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza ni hesabu, fizikia, na kuchora kwa mkono. Penseli, rula ya T na karatasi zitamtosha, na chuo kina vyumba vya kompyuta. Akifika mwaka wa pili wataanza AutoCAD, programu ya kuchora ramani, baadaye Revit ya kutengeneza modeli ya jengo, au programu za kuhesabu miundo, na hapo ndipo atahitaji mashine yenye kumbukumbu ya GB 16 na kadi yake ya picha.  Ikiwa mkono unakuwasha kununua kitu, mnunulie futi ya mita 5 iliyo yake mwenyewe. Nina wasiwasi miaka yote hii amekuwa akitumia ya kwako.